Tulitaka jumba la vioo, nyumba ikatuonyesha kipenu

Nyumba yetu hapa Reading, Uingereza, ilijengwa 1898. Ni nyumba pacha, ukuta mmoja tunachangia na bibi jirani, ya matofali mekundu yaliyochanganywa na ya kijivu kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za mji huu. Nyuma kuna bustani ndogo inayoelekea kusini-magharibi, na kwa miaka saba bustani hiyo tuliiona kupitia dirisha la jikoni tu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia barazani. Nilitaka mahali ambapo mtu amekaa ndani lakini yuko nje. Wenyeji wa huku wana jibu lao: chumba cha vioo kinachoegemea nyuma ya nyumba, wanachokiita konsavatori.

Mume wangu alitaka chenye mapambo. Mbele kiwe na pembe tano, paa lichongoke, na juu ya kilele zipitishwe nakshi za chuma na mkuki mmoja umesimama. Huo ndio mtindo unaouzwa kwa jina la Malkia Victoria. "Nyumba ya Victoria, chumba cha Victoria," alisema, nami sikuwa na la kumjibu.

Muuzaji wa kwanza alikuja jioni moja ya Oktoba 2021 na katalogi nene. Alikaa saa mbili na nusu, akanywa chai mara mbili, akapima ukuta kwa leza. Mwisho akataja pauni 19,000, halafu papo hapo akasema tukisaini usiku ule itakuwa 13,500. Fremu za plastiki nyeupe, paa la plastiki ngumu, na ule mkuki nao ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma. Mume wangu alikwisha kushika kalamu. Mimi nimenunua khanga soko la Ngamiani tangu nikiwa mtoto. Bei ikiporomoka hivyo kabla mteja hajafungua mdomo, najua pa kuweka mkoba wangu. Nikamwambia mgeni kwamba kwetu jambo la fedha nyingi haliamuliwi usiku. Akaaga.

Nikaanza kusoma. Zamani huku kioo kilikuwa kitu cha matajiri, kwa kuwa serikali ilikitoza kodi kwa uzito wake. Kodi hiyo ilifutwa 1845, na ya madirisha ikafuata 1851, mwaka uleule Joseph Paxton, mtu aliyeanza maisha kama mtunza bustani, aliposimamisha jumba zima la chuma na vioo pale Hyde Park, London. Baada ya hapo hata watu wa kipato cha kati wakaanza kutamani japo kachumba kamoja ka vioo ka kuwekea maua.

Novemba tukaenda Kew, bustani za mimea za London, kuona jumba la mitende lililojengwa kati ya 1844 na 1848. Mchoro ni wa Decimus Burton akishirikiana na Richard Turner, fundi wa chuma kutoka Dublin. Nje baridi ilikuwa inauma masikio. Tulipofungua mlango, miwani ya mume wangu ikaingia ukungu wote, na mimi nikapata harufu ya udongo uliolowa na migomba, nikasimama tu pale nisiseme kitu. Yeye alipoweza kuona tena aliangalia mapambo. Mimi niliangalia juu, kwenye madirisha ya paani yanayofunguliwa ili joto litoke. Katalogi ya yule bwana ilikuwa imejaa maelezo ya kuzuia joto lisitoroke. Kulitoa lilipozidi, sikukumbuka kuona hata ukurasa mmoja.

Wiki iliyofuata nilichukua kamba ya kuanikia nguo na vigingi, nikakichora chumba cha ndoto juu ya majani: mita 3 kutoka ukutani, mita 4.2 kwa upana. Kwanza nilipiga pembe tano. Tukaleta meza ya chakula na viti sita. Pembe zilikuwa zimekula nafasi yote, kiti kimoja kikabaki nje ya kamba. Mume wangu akapanda juu na utepe wa kupimia, akagundua kwamba paa lake lililochongoka lingegonga kizingiti cha dirisha la chumba cha kulala. Ningekuwa nimeyajua haya baada ya kulipa, ningelia.

Tukiwa tunabishana, bibi jirani akachungulia juu ya ua akauliza kama tunataka kufuga mbuzi. Tulipomweleza, akashangaa. "Lakini nyumba yenu ilikuwa nacho!" Anaishi pale tangu 1963, na anakumbuka wenye nyumba wa wakati huo wakikibomoa kwa sababu mbao zilikuwa zimeoza. Akatuelekeza tuangalie nyuma ya ule mmea unaotambaa ukutani. Tukausogeza. Kwenye matofali kulikuwa na mstari wa ulalo uliozibwa kwa saruji, unashuka taratibu kutoka kwenye nyumba kuelekea bustanini. Mume wangu akachimba chini yake kwa kijiko cha bustani, na baada ya kina cha kiganja hivi tukakuta vigae vya udongo wa kuchoma, vyekundu na vyeusi, vimepangwa kama bao la drafti.

Kwa hiyo nyumba ya mwaka 1898 ilikuwa na chumba cha vioo cha mwaka wake, na hakikuwa na pembe tano wala mkuki. Kilikuwa na paa la mteremko mmoja lililoegemea ukuta. Kwa Kiswahili hicho ni kipenu.

"Fedha zote hizi," mume wangu alisema, "tujenge kipenu?"

Tukajenga kipenu. Na naona ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za watu wa kawaida za zama zile; yale majumba yenye taji ni ya wenye mashamba makubwa, ukiyabandika nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu yanafanana na mtoto aliyevaa joho la babu yake.

Seremala tuliyempata ana karakana ndogo nje ya mji. Hakuleta katalogi. Aliuliza tunataka kufanya nini mle ndani, jua linapita wapi, na mfuniko ule wa chemba ya maji machafu ni wa nani. Yule wa kwanza aliuruka mfuniko huo bila kuuliza. Kumbe bomba lake linahudumia nyumba mbili, na kujenga karibu nalo, ndani ya mita 3, kulihitaji ridhaa ya kampuni ya maji. Wiki sita zilikwenda hapo.

Halafu akaniwekea mezani vipande vitatu vya mbao: msonobari, mwaloni, na cha tatu cha kahawia ya dhahabu alichokiita iroko. Nikakinusa, nikampigia simu ya video mjomba wangu, seremala wa Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Hiyo uliyoshika si mvule hiyo?"

Ndiyo. Iroko ni jina la Kiyoruba, na mbao zile zilitoka Afrika Magharibi, lakini mti ni mvule wetu. Mjomba akaamuru nimwambie Mzungu azibe pua, maana vumbi lake linawasha, na aangalie meno ya msumeno, kwa sababu mvule hufanya mawe ndani yake. Nikatafsiri. Seremala akacheka, akatoa mfukoni kijiwe cheupe alichokipata kwenye ubao wiki ile. Wale wawili wakaelewana bila mimi. Nilichoongeza ni kuomba cheti kinachoonyesha msitu uliotoka mbao, maana mvule umekatwa mno.

Ugomvi ukaja kwenye rangi. Seremala alieleza kwamba mbao za vyumba hivi zamani zilipakwa rangi, na kwamba kwa nyumba yetu, yenye madirisha meupe, mbao tupu zingeonekana ngeni. Mjomba alikasirika kweli. "Mvule unaupaka rangi? Si ungenunua msonobari!" Tukapatana hivi: nje nyeupe, ndani mafuta tu, mbao zionekane. Mvule una mafuta yake, kwa hiyo ilibidi upanguswe kwa spiriti kabla ya rangi ya kwanza, la sivyo ingebanduka.

Kitu kilichofanya chumba kionekane cha zamani ni wembamba wa mbao zinazoshika vioo. Vioo vya siku hizi ni viwili viwili, vizito, na mafundi wengi huvitilia mbao nene. Wetu alizipunguza hadi upana wa vidole viwili, akapanga za paani zishuke sawasawa na za ukutani. Chini tukajenga ukuta wa sentimita 60 kwa matofali yaliyokwisha kutumika, na udongo wa chokaa badala ya saruji. Vigae vile vya zamani vilitosha nusu ya sakafu. Nusu nyingine ni vipya, na tofauti inaonekana. Mimi naipenda.

Sheria hazikutusumbua sana. Hapa England nyumba iliyoungana na nyingine inaruhusiwa kuongezwa nyuma hadi mita 3 bila kuomba kibali, mradi nyongeza hiyo isizidi mita 4 kwenda juu, michirizi ya paa isipite mita 3 kwenda juu ukiwa karibu na mpaka, na usile zaidi ya nusu ya kiwanja. Nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, habari ni nyingine kabisa. Tulitaka kuuondoa mlango wa jikoni pawe wazi. Tukaambiwa tukiuondoa chumba kitahesabiwa ni sehemu ya nyumba na kitadaiwa masharti yote ya ujenzi. Mlango ukabaki, na kipasha joto cha mle kina swichi yake. Kwa kuwa msingi ulikuwa ndani ya mita 3 za nyumba ya jirani na unaingia chini kuliko wa kwake, tulimpa bibi notisi ya mwezi mmoja. Niliipeleka na sahani ya kaimati. Alisaini kabla hajala.

Jumla pauni 29,400. Tulichelewesha gari jipya.

Fundi alimaliza Juni 2022, na tarehe 19 Julai nchi hii ikavuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, 40.3 kule Coningsby. Siwezi kusema kwamba chumba changu kilishinda. Madirisha ya paani yalikuwa wazi, ya chini wazi, mapazia yameshushwa, na bado mchana hakukuwa na mtu aliyekaa mle. Ila jua lilipoanza kuinama, upepo uliingia chini ukatokea juu, na saa mbili usiku tulikula samaki wa kukaanga pale, mezani pa watu sita, na bibi jirani akiwemo.

Kuna kona moja, pale bati la madini ya risasi linapokutana na ukuta, inayovuja mvua ikipigwa na upepo. Fundi amerudi mara mbili na atarudi tena. Mjomba anasema ni laana ya mvule. Nikimpigia simu siku hizi hata shikamoo haisubiri:

"Mama, rangi umeshaitoa?"