Uzi wa mama umeisha

Jioni hii mpwa wangu amenijia na tufe la dunia lililopasuka hapo Ikweta. Kesho ana mtihani: vita vya Marekani na Hispania, 1898.

"Mjomba, vita ni vya Cuba. Mbona wameanza kupigana Manila, Ufilipino?"

Nikachukua uzi wa kushonea wa mama. Madrid hapa, mji mkuu wa Hispania. Makoloni yake: Cuba na Puerto Rico kule magharibi, Ufilipino mashariki kabisa, mgongoni mwa dunia. Mwenye nyumba mmoja, vyumba viko mitaa miwili tofauti!

Tukaifuata Oregon, manowari ya Marekani iliyoitwa ikapigane upande wa Cuba. Kutoka San Francisco, chini, chini, mpaka mlangobahari wa Magellan, halafu kupanda tena hadi Florida. Siku 66. Mfereji wa Panama ulikuwa bado, ukafunguliwa 1914.

Uzi ukaishia Brazil.

Mtoto akaweka kidole pale Panama, pembamba kama kiuno cha nyigu, akakiacha hapo. Kimya. Kisha: "Kumbe ni hapa tu?"

Jamani, mimi hii nilikariri shuleni, tarehe 1 Mei Manila, 3 Julai Santiago ya Cuba, nikapata alama zangu. Hicho kidole sikuwahi kukiweka.

(Wahispania nao walituma meli kwenda Ufilipino. Zimefika Suez, makaa ya mawe wakanyimwa Misri, mwishowe zikaitwa zirudi nyumbani. Mpwa kacheka mpaka basi.)

Mama anaulizia uzi wake. Nimwambie uko Brazil?

Nanyi, ni somo gani mlilikariri mkaja kulielewa ukubwani?