Siku Jericho ilifungwa uzi mwekundu

Kwanza uelewe ramani. Eastlands ya Nairobi, ukiacha Jogoo Road uingie ndani, kaunsil ya jiji ilijenga mtaa ikauita Jericho, halafu ubavuni ikaweka mwingine ikauita Jerusalem. Sisi tulikuwa watoto wa Jericho. Kutoka Jerusalem kuja kwetu ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, kwa hivyo ile hadithi ya Msamaria Mwema, ya jamaa aliyekuwa anatoka Jerusalem kwenda Jericho akaangukia wanyang'anyi, haikuwahi kutushangaza hata siku moja. Tulijua kona yenyewe. Wengine wetu tulijua hadi mama za hao wanyang'anyi.

Hii ni mwanzo wa 1995. Mwalimu wetu wa sande skuli alikuwa dada mmoja mpole hivi, sauti ya chini, lakini alikuwa na kitu walimu wengine wa sande skuli hawakuwa nacho: kaseti za Superbook. Na mara mojamoja, akibembeleza wazee wa kanisa vizuri, tivii ya rangi na deki vingeletwa holi kwa mkokoteni, vimefunikwa blanketi kama mgonjwa, na vijana wawili wakitembea kando kushikilia isianguke. Kwetu nyumbani tulikuwa na tivii ya Great Wall ya blakendiwaiti ambayo ilikuwa lazima uipige kofi ubavuni ndio picha itulie, sasa fikiria vile rangi ilikuwa inatufanyia.

Kwa wale hamkuiona, Superbook ni katuni ya Biblia. Kuna kijana anaitwa Chris na rafiki yake Joy, na karoboti kadogo kanaitwa Gizmo, kana msalaba kifuani na ufunguo mgongoni wa kukatia kii kama saa ya zamani. Hicho kitabu kinafunguka chenyewe, kinawavuta ndani, wanajikuta wako kwa Musa ama kwa Nuhu. Kawaida inaanza na kakitu kadogo ka nyumbani, mtoto amedanganya, mtoto amekataa kutumwa, halafu wakirudi kutoka huko kwa Biblia wamepata adabu. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba ilichorwa Japani, na studio ya Tatsunoko, wale wale wa Speed Racer, ikianza kuonyeshwa 1981, na waliokuwa nyuma yake ni CBN, stesheni ya Kikristo ya Pat Robertson kule Virginia, Marekani. Kumbe ndio maana kila mtu humo ndani, hadi wazee wa Israeli, alikuwa na macho makubwa hivyo. Sisi tulidhani watu wa Biblia ndio walivyokuwa.

Sasa hiyo Jumapili mwalimu aliweka kaseti ya Yoshua. Hakutuambia ni nini tunaenda kuona. Tuko chini kwa simiti, wadogo mbele, holi imejaa kwa sababu habari ya tivii husambaa hata kabla mkokoteni haujafika, na watoto wa Jerusalem pia wamekuja maana kanisa ni moja. Katuni inaendelea, watu wanavuka mto, mara ikatajwa Jericho.

Holi ililipuka. Tulipiga nduru kama Gor imefunga bao dakika ya mwisho. Jericho! Kwa tivii! Kijana mmoja wa nyumba za karibu na uwanja wa Camp Toyoyo akasimama akainua mikono juu kabisa kama yeye ndiye ametajwa, mwalimu akamshika bega akamkalisha. Hakuna mtu alikuwa amewahi kusikia mtaa wetu ukitajwa kwa tivii isipokuwa kwa habari ya wizi.

Shida ni kwamba furaha haikukaa. Polepole tukaanza kuelewa ni kina nani watapigwa.

Katikati mwalimu alisimamisha kaseti, picha ikabaki inatetemeka na ile mistari myeupe, akafungua Biblia yake atueleze habari ya Rahabu. Alisema Rahabu alikuwa mama wa gesti. (Siku nilisoma mwenyewe Yoshua mlango wa 2, penye ameitwa kahaba, nilicheka peke yangu, gesti kweli.) Akasema wapelelezi wawili waliingia Jericho wakalala kwake, askari wa mfalme wakaja kuwauliza, Rahabu akawaambia hao watu wameshatoka, mkimbie mtawapata, na kumbe amewaficha juu ya paa chini ya mabua ya kitani. Ndio wapelelezi wakamwambia afunge uzi mwekundu dirishani, na siku mji utakapoanguka, nyumba yenye uzi haitaguswa, yeye na mama yake na baba yake na ndugu zake wote.

Kijana wa Toyoyo akainua mkono. "Mwalimu, si huyo Rahabu alidanganya askari?"

"Aliokoa watu wa Mungu."

"Na wiki ile ingine si ulisema uongo ni uongo hata ukiwa mdogo?"

Mwalimu alimwangalia, akaangalia Biblia, akaangalia saa. "Kaa chini, tutaongea hiyo siku ingine." Hiyo siku ingine haikuwahi kufika na mimi simlaumu, nimeshasikia hilo swali likiulizwa watu waliosomea theolojia nao wakaangalia saa. Lakini naona hapo ndipo sisi wote tuliacha kufuata funzo lililokuwa limepangwa. Funzo lilikuwa utii, Waisraeli wanazunguka mji mara moja kwa siku, siku sita, bila kuongea, siku ya saba wanazunguka mara saba, makuhani saba wanapuliza tarumbeta, watu wanapiga kelele, ukuta chini. Ukitii hata usipoelewa, Mungu anafanya. Hiyo ingeingia vizuri sana kama ungeionyesha watoto wa mtaa mwingine, tuseme Buruburu. Sisi tulikuwa ndani ya ukuta.

Ukuta ulipoanguka watoto wa Jerusalem walishangilia, wakaruka, wakatugeukia. Upande wetu kimya. Dadangu mdogo, tulikuwa tunamuita Kadogo, alikuwa amekaa mbele yangu, akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa ya kwetu itaanguka lini?"

Nikamwambia anyamaze.

Tukatoka nje, na hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu wale wa Jerusalem hawakuenda kwao. Walitufuata. Walikuwa wamekunja magazeti kama koni wanapuliza, mmoja alikuwa amepata chupa ya plastiki ya mafuta akaikata chini, ilikuwa na mlio mbaya kabisa, na wakaanza kuzunguka blok yetu. Wakubwa wakaona ni watoto wanacheza. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anapita alisema hata ni vizuri, wamekumbuka somo. Sisi tukawa tunawarushia maganda ya machungwa na kuwaambia warudi Jerusalem, lakini wanapita tu, wanapuliza, na nadhani mzunguko wa tatu ama wa nne hivi ndio niliona Kadogo hayuko.

Mama yetu alikuwa na mashine ya kufuma, kazi yake ilikuwa sweta za shule, anauzia watu pale Uhuru Market na pia anachukua oda. Wakati huo alikuwa na oda ya sweta nyekundu, na uzi ulikuwa nyumbani kwa kikapu chini ya meza. Nilimkuta Kadogo amesimama juu ya jerikeni ya maji nje ya dirisha la chumba, ulimi nje, anafunga uzi kwa grili. Alikuwa anajua fundo moja tu duniani, la kamba ya viatu, kwa hivyo alikuwa anatengeneza masikio mawili makubwa ya sungura, anayavuta, yanafunguka, anaanza tena. Baba alikuwa amelala hapo ndani, kichwa pengine futi mbili kutoka kwa hilo dirisha, hakusikia kitu.

Ningemzuia. Lakini tarumbeta zilikuwa zinakuja tena kutoka upande wa pili wa blok, na nitasema ukweli, nilimshikia jerikeni.

Jirani yetu wa umri wake alikuwa anaangalia. Akauliza na yeye apewe. Kadogo akakata uzi kwa meno akampa. Halafu akaja mwingine, ana nyanyake ambaye hawezi kutembea vizuri, akasema ya shosho iwe ndefu. Halafu wakaja wengi. Kikapu kikatolewa nje kikawekwa kwa ngazi, na Kadogo, ambaye kwa kawaida hakuwa anagawia mtu hata ganda la ndizi, akawa anakata na meno anagawa, anakata anagawa, midomo imejaa manyoya mekundu, na anauliza kila mtu kama ana mama na baba na ndugu ndani, kwa sababu mwalimu alisema wote lazima wawe ndani. Wale wa Jerusalem walipomaliza mzunguko wa saba na kupiga ukelele wao, hakuna kitu kilianguka, wakachoka wakaenda kunywa chai.

Hapo ingeisha. Lakini ni lazima ujue ni mwaka gani huo. Oktoba 1994 Rais Moi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani Kenya, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na nchi nzima ilikuwa imeingiwa na hofu. Kila mtu mtaani alikuwa na binamu anayemjua mtu aliyepewa lifti na gari nyeusi. Ukipewa peremende na mgeni unaitupa. Ukiokota shilingi unaiacha hapo hapo. Sasa watu wakaanza kurudi jioni, wengine kutoka ibada ya pili, wengine kutoka ushago, giza linaingia, na dirisha baada ya dirisha lina uzi mwekundu unaopepea, mwingine umefungwa vizuri, mwingine umening'inia kama mshipa.

Mama wa nyumba ya kona ndiye alianza. Sikusikia alisema nini, nilisikia tu mlio. Ukitoka nje watu wamejaa, mama mmoja anakemea kwa jina la Yesu, mwingine ametoa rozari, vijana wameshika rungu na hawajui wampige nani. Kuna baba mmoja ambaye kila jambo alikuwa anajua mtu serikalini, akasema msiguse chochote, nyumba zimetiwa alama, hii lazima tume ielezwe. Mtu akasema nyekundu ni damu. Mtu akauliza mbona nyumba ya fulani haina, na kila mtu akaigeukia hiyo nyumba, na mwenyewe, maskini, mzee wa watu anayeishi peke yake na asiye na mtoto wa kumfungia uzi, ikabidi aanze kujieleza alikuwa wapi mchana.

Mama yangu alifika akiwa na kiondo. Akapita katikati ya hao watu wote, akaenda kwa dirisha letu, akashika uzi akausugua kati ya vidole.

"Hii ni yangu," akasema. "Hii ni ya oda."

Ilikuwa hatari kusema hivyo kwa hiyo hali, na nadhani aliona vile watu walisogea nyuma, kwa sababu aliita mara moja, "Kadogo!" Kadogo akatoka nyuma yangu, midomo bado na manyoya, na akieleza hakulia hata. Ni ya Rahabu, akasema. Ukuta wa Jericho unaanguka na wenye uzi hawafi. Akasema na shosho pia amewekewa, yake ni ndefu.

Kijana mmoja akatumwa kwa mwalimu wa sande skuli, akaletwa mbio na kitambaa cha kichwa kimeteleza, akaulizwa na watu wazima wote kwa pamoja, na yeye na ile sauti yake ya chini akaanza kueleza katuni, kitabu kinachofunguka chenyewe, roboti yenye ufunguo mgongoni. Hiyo ya roboti haikumsaidia. Baba wa serikali alitaka kujua hiyo kaseti imetoka wapi. Ilibidi pasta aje, na pasta akathibitisha kwamba ndio, Yoshua iko kwa Biblia, na Jericho pia iko, na vijana wakaweka rungu chini wakiwa na aibu kidogo.

Mama hakuwa na wakati wa aibu za watu. Alichukua kikapu akaanza kupita nyumba kwa nyumba akifungua uzi wake, anaukunja kwa mkono kwenye kiganja, mimi nimeshika tochi, Kadogo nyuma anamuonyesha penye amesahau. Nyumba za kwanza walimpa bila neno. Halafu tukafika kwa mama wa kona, yule yule aliyepiga mlio, akasimama mbele ya dirisha lake.

"Mama Kadogo, hii si ni ya Biblia?"

"Ni ya oda, mama."

"Basi si uache tu ikae. Haiwezi kudhuru."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Baba wa serikali alisema atalipa, hakulipa. Shosho hata hatukumuuliza. Mpaka tunamaliza kuzunguka, mpira wa uzi mkononi mwa mama haukuwa umefika nusu ya ule uliotoka, na duka alikonunua hakukuwa na rangi kama hiyo tena, kwa hivyo sweta moja ya oda ikatoka na mkono wa kulia wenye wekundu wa kuelekea machungwa. Mwenye oda aliishika kwa jua pale Uhuru Market, akaigeuza mara mbili, akalipa nusu.