Kocha kalipwa mabilioni aondoke, mwenzetu kakatwa dola 25 za beji

Dola 25. Ndizo walizomkata rafiki yangu kwenye cheki yake ya mwisho, eti hakurudisha beji ya getini. Beji yenyewe kadi ya plastiki tu, ukiichanganya na kadi za mwendokasi huwezi kuitoa. Nimeiangalia ile karatasi ya malipo mara tatu nikidhani ni njaa ya funga inayonichezea macho.

Niko Louisville, Kentucky. Wengi wenu mnaujua mji huu kwa Muhammad Ali: kazaliwa hapa, kazikwa hapa, na uwanja wa ndege unaitwa kwa jina lake. Sisi wabeba maboksi tunaujua kwa maghala, maana mizigo ya nusu ya Marekani ni kama inalala hapa kwanza. Waswahili tupo wengi, Wakongo na Warundi hasa, mpaka shule za serikali zinawaandikia wazazi kwa Kiswahili. Rafiki yangu huyo ni mtu wa Uvira, Kongo, kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kiswahili chake cha Kigoma kabisa. Kafanya kazi kwenye ghala moja mwaka na miezi minne, kupitia wakala, yaani kampuni inayoyatafutia maghala wafanyakazi. Hajawahi kuchelewa. Namjua, mimi ndiye niliyekuwa nikipanda gari yake.

Jumatano ya tarehe 13 Machi 2024, funga ya tatu ya Ramadhani, ananipigia mchana. "Ndugu yangu, wamenifukuza kwa meseji." Nikadhani utani. Akanisomea: zamu yako imesitishwa, usije leo, asante kwa huduma yako. Basi. Hakuna jina la aliyeandika, hakuna sababu.

Sasa siku hiyohiyo mji mzima ulikuwa unaongelea mtu mwingine aliyefukuzwa. Kenny Payne, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Louisville. Redioni, dukani, kwenye foleni ya mafuta, kote ni Payne.

Kwa nyie wa nyumbani, futeni kwanza picha ya mpira wa vyuo mliyonayo, ule wa SHIMIVUTA, mashindano ya vyuo vya Tanzania, wachezaji kwenye basi la kukodi na ndizi mbili. Hapa timu ya chuo inacheza kwenye uwanja wa ndani wa watu 22,000 katikati ya mji. Kwa Mkapa ikichezwa mechi ya kawaida hatufikishi hao. Na katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa wa hospitali ya serikali. Ni kocha.

Payne aliajiriwa Machi 2022 kwa mkataba wa miaka sita, zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka. Alikuwa mtoto wa nyumbani: alikuwa kwenye kikosi kilichochukua ubingwa wa taifa mwaka 1986, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa kikapu cha wanaume pale. Msimu wa kwanza alianza kwa kufungwa mechi tatu mfululizo, kila moja kwa pointi moja. Moja! Ukisikia mkosi ndio huo. Wakamaliza na ushindi mara 4 na vipigo 28. Msimu wa pili ushindi 8, vipigo 24. Jumlisha mwenyewe: mechi 64, kashinda 12. Mnakumbuka Novemba 2023 Simba ilivyokula tano za Yanga, siku mbili hazikupita kocha wao Robertinho akafungashiwa virago? Sasa niambieni, huyu pale Simba, Msimbazi, angeiona Krismasi?

Hapa kaiona mara mbili. Na alipotumbuliwa, siku moja baada ya kufungwa na timu ya chuo cha NC State kule Washington, mkataba ulikuwa umeshaandika fidia yake: dola milioni 8. Kwa shilingi yetu ya Tanzania ilikuwa zaidi ya bilioni 20. Za kuondoka. Mkurugenzi wa michezo akamshukuru hadharani.

Simuonei kijicho, wallahi. Kilichonikaa kooni ni kwamba siku moja, mji mmoja, watu wawili wametolewa kazini: aliyeshindwa analipwa mabilioni, na aliyekuwa akipanga mapaleti bila kosa anadaiwa beji.

Jioni ile nilishuka kwa jirani yangu wa chini, mzee mmoja mweusi, mstaafu wa kiwanda cha magari, shabiki wa kikapu hicho tangu ujana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia huu mchezo, maana mimi nimetoka Tanga nikijua soka na bao. Nilitarajia atakuwa amefurahi, kwa sababu misimu miwili kila wiki alikuwa akilalamika mpaka mkewe anahamia chumbani. Nikamkuta kazima televisheni. Akaniambia Payne ilibidi aondoke, hilo halina mjadala, lakini yeye alisubiri maisha yake yote kumwona mtu mweusi kwenye kile kiti, na sasa ana wasiwasi wakubwa watasema tulijaribu, tumeona. Nikakosa la kusema. Ikakaribia saa mbili, wakati wa kufuturu, mkewe akaniletea maji na tende. Tende! Amezinunua lini, sijui, sijawahi kumwambia zaidi ya kwamba nafunga.

Nikamsimulia ya rafiki yangu. Mzee hakushangaa hata kidogo. Akasema kwao kiwandani msimamizi hakuwa anaweza kukuamkia vibaya bila kukutana na mtu wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu kulikuwa na karatasi, yaani mkataba. Kocha naye ana karatasi, na mtu wake wa kumsomea karatasi. Rafiki yako, akaniuliza, alisaini nini?

Alisaini, kweli. Kurasa kumi na nne kwenye simu, kidole kinateleza tu. Na huko ndani kumeandikwa kitu ambacho ndicho kawaida ya ajira nchi hii, isipokuwa jimbo la Montana: bosi anaweza kukuondoa saa yoyote, kwa sababu yoyote au bila sababu, alimradi si ubaguzi na mengine machache yaliyokatazwa. Nawe unaweza kuondoka saa yoyote. Wanauita usawa.

Nyumbani tunaibeza sheria yetu ya ajira ya 2004, lakini ile inamdai mwajiri sababu ya haki na utaratibu, ukionewa unakwenda CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, na kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, mpaka miaka kumi. Najua, najua, mtaani wangapi wanalipwa. Lakini angalau una kifungu cha kumsomea bosi. Huku tulipompigia wakala tulichopata ni simu yenye muziki, dakika arobaini.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza kiwanja cha Mkuranga uje majuu, njoo, sikukatazi, mshahara wa wiki ni wa kweli. Ila ukifika uliza aliyekuajiri ni ghala au ni wakala, kwa sababu hao ni watu wawili na kila mmoja atakuelekeza kwa mwenzake. Ukitolewa, omba pesa ya kukosa kazi ya jimbo wiki hiyohiyo, usione haya, waajiri ndio wanaoichangia. Rafiki yangu aliona haya siku tisa. Mwanaume mzima, watoto wanne, anaona haya kwa watu waliomfukuza kwa meseji!

Alhamisi ya tarehe 28 mwezi huohuo wakatangaza kocha mpya, Pat Kelsey, katokea chuo cha College of Charleston. Mzee akaniita nije niangalie, keshasahau huzuni, anachambua. NC State waliomzika Payne walikuwa wameshinda mechi tano kwa siku tano wakabeba kombe la ACC, ligi yetu na wao, na walikuwa bado wanaendelea, kwa hiyo mzee akawa anasema hata kufungwa kwetu kulikuwa na heshima.

Rafiki yangu naye siku moja kabla aliikuta beji, ndani ya mfuko wa koti la baridi. Akaendesha gari dakika thelathini kuirudisha, angalau apate dola zake 25. Mlinzi wa getini akamwambia haruhusiwi kuingia, beji yake haifanyi kazi.