Namba za Mkato kwenye Simu za Ofisi: Anza na Mlinzi

Kazi yangu ni kufunga na kuhudumia mitambo ya simu za ofisini, yaani mashine inayounganisha simu zote za ofisi, jijini Dar es Salaam, na ombi la namba za mkato, yaani tarakimu chache au kitufe kimoja kinachopiga namba ndefu, hunijia karibu kila ninapomaliza kuweka simu mezani. Orodha ninayokabidhiwa huanza na mkurugenzi, hufuata mhasibu mkuu, kisha benki na wakala wa tiketi za ndege. Sina ugomvi na orodha hiyo, lakini mimi hupendelea kuanzia kibanda cha mlinzi getini, kwa sababu huko ndiko mtu anakoweza kulazimika kupiga simu saa nane za usiku, moshi ukitoka dirishani, bila kuwa na mtu wa kumuuliza namba.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ipo namba ya mkato inayohifadhiwa ndani ya simu yenyewe, ambayo hufanya kazi kwenye meza hiyo tu, na ipo inayohifadhiwa ndani ya mtambo, ambayo kila simu ya ofisi inaweza kuitumia. Hii ya pili ina historia ndefu: mtambo wa kielektroniki wa kampuni ya simu uitwao 1ESS ulipoanza kazi Succasunna, New Jersey, Marekani, mwaka 1965, wateja walianza kupewa huduma ya namba fupi zilizotunzwa katika kumbukumbu ya mtambo. Kwa namba ambazo ofisi nzima inazihitaji, mahali pake ni kwenye mtambo, kwani simu ikiharibika au mtumishi akihamishiwa idara nyingine hakuna kinachopotea, na namba ikibadilika hurekebishwa mara moja tu.

Faida kubwa zaidi ya njia hiyo inamhusu mlinzi niliyemtaja. Simu ya getini kwa kawaida hufungiwa laini ya nje ili isitumike ovyo, na uamuzi huo ni wa busara. Hata hivyo, mitambo kadhaa, ikiwemo ya Panasonic ya aina ya KX-TDA ambayo bado naikuta kazini, inaweza kuruhusu namba za mkato za mtambo zipite hata pale simu ilipofungiwa kupiga nje. Kwa hiyo mlinzi ambaye hawezi kupiga namba yoyote anayoitaka anaweza kumpata meneja wa jengo, fundi umeme na kampuni ya ulinzi kwa tarakimu chache tu. Ruhusa hiyo itolewe kwa uangalifu, na namba za nje ya nchi zisiingizwe kabisa katika orodha inayofikiwa na simu zilizofungiwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha raha kila ninapoingia katika ofisi iliyofungiwa mtambo zamani. Tanzania inatumia 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto, lakini ofisi nyingi ninazozikuta zimepanga namba zake za ndani kuanzia 101 kwenda juu. Maana yake ni kwamba anayepiga 114 wakati wa moto anaita meza ya mtu fulani ambaye huenda ameshaondoka kwenda nyumbani. Ninapopanga upya, namba za ndani huanzia 200, kisha nauelekeza mtambo upeleke 112 na 114 nje moja kwa moja, iwe mtu ametanguliza 9 ya kuombea laini au hakuitanguliza. Aliyeshikwa na hofu hakumbuki 9, na hapaswi kuadhibiwa kwa hilo.

Kwenye simu yenyewe kazi ni nyepesi. Chukua simu ya Yealink ya mapokezi: ukikishikilia kwa sekunde chache kitufe cha pembeni mwa kioo, simu hukufungulia ukurasa wa kuchagua aina ya kitufe, jina litakaloonekana, namba na laini itakayotumika. Ikiwa vitufe ni vingi, bonyeza OK uione anwani ya IP ya simu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, iandike kwenye kivinjari cha kompyuta, kisha ujaze vyote katika sehemu ya mipangilio ya vitufe iitwayo Dsskey. Nywila iliyotoka nayo kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Aina ya kitufe ndiyo inayostahili kufikiriwa. Kitufe cha Speed Dial hupiga namba, basi. Kitufe cha BLF (Busy Lamp Field) hupiga na pia huonyesha hali ya simu ya mwenzako: taa ya kijani ikiwa yuko huru, nyekundu ikiwa anaongea, na nyekundu inayomweka haraka ikiwa simu yake inaita. Dada wa mapokezi anayeiona taa ya mhasibu ikiwa nyekundu humwambia mteja asubiri kidogo, badala ya kumpeleka kwenye simu iliyoshikwa na kumrudisha tena. Kwa watu wa ndani ya ofisi sioni sababu ya kutumia aina nyingine, ila mtambo lazima uwe umeandaliwa kutoa taarifa hizo. FreePBX, programu ya kusimamia mtambo inayoendeshwa juu ya programu ya simu iitwayo Asterisk, huziandaa yenyewe kwa kila namba ya ndani.

Namba za nje ziandikwe kamili pamoja na msimbo wa mkoa, 022 kwa Dar es Salaam au 028 kwa Mwanza, ili tawi jingine liweze kutumia orodha ile ile. Kwenye mitambo inayotumia laini za kawaida za waya, ongeza kituo kidogo, yaani kusubiri kwa muda mfupi (pause), baada ya 9. Bila hicho tarakimu zinaweza kutoka kabla laini haijatoa mlio, na ya kwanza ikamezwa. Majina yawe ya vyeo, kama vile Mhasibu au Stoo, kwa kuwa mwenye cheo huhama.

Mwisho kabisa huwa naenda getini mwenyewe. Namwomba mlinzi wa zamu anyanyue mkonga na ajaribu kila namba ya mkato mbele yangu, isipokuwa 112 na 114, ambazo njia yake naikagua kwenye mipangilio ya mtambo ili tusiwasumbue walio kazini. Kisha nabandika orodha ukutani, karibu na simu, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mwanga wa tochi.