Askari, mtenda kazi, ndugu

Somo: Wafilipi 2:25–30

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna wasifu ambao husomwa msibani ukaisha upesi: alizaliwa, akaenda vitani, akarudi, akaajiriwa posta, akaoa, akalea watoto, akastaafu. Waombolezaji huitikia amina na ibada ikaendelea. Nimeona tukae wiki hii na maisha ya namna hiyo, kwa sababu Paulo ameyapa mistari sita mizima.

Kanisa la Filipi lilimtuma Epafrodito kwa Paulo kifungoni, akiwa na msaada waliomchangia. Akaugua huko, “kiasi cha kufa”. Mungu akamhurumia, naye Paulo akaamua kumrudisha kwao; wengi wanaamini ndiye aliyeibeba barua hii tunayoisoma. Paulo anamtaja kuwa ndugu yake, mtenda kazi pamoja naye, askari pamoja naye.

Wafilipi hawakuhitaji kuelezwa askari ni nani. Baada ya vita vilivyopiganwa karibu na mji wao mwaka 42 kabla ya Kristo, askari wa Kirumi waliomaliza utumishi walipewa ardhi pale, na mji ukawa koloni la Rumi. Na barua je? Dola ilikuwa na utaratibu wake wa kupeleka ujumbe, uliowekwa na Kaisari Augusto, lakini ulikuwa wa shughuli za serikali. Mtu wa kawaida alitafuta msafiri anayemwamini. Ndivyo Tikiko, mtenda kazi pamoja na Paulo, alivyotumwa naye Efeso na Kolosai. Hatujui hata mmoja wao alitembea siku ngapi wala alilala wapi. Tunajua kwamba barua zilifika, ndiyo maana tunazo.

Hebu tuiheshimu kazi ya posta, basi. Mfanyakazi wake hushika habari za watu asiowajua: deni, posa, matokeo ya mtihani, taarifa ya kifo. Hazifungui. Hachagui ipi inastahili kufika. Mithali 25:13 inasema mjumbe mwaminifu huwaburudisha waliomtuma, nami naamini Mungu huihesabu kila bahasha iliyomfikia mwenyewe.

Askari aliyerudi huingia katika kazi hiyo na mazuri aliyofundishwa: kutunza saa, kumaliza alichotumwa, kutomwacha mwenzake nyuma. Lakini vita humpa na mengine. Usingizi unaokatika. Kushtuka mlango ukibamizwa. Majina ya wenzake waliokufa, ambayo hawezi kuyataja mezani mbele ya watoto. Kazini anaaminika kabisa, na nyumbani mkewe anaishi na mtu ambaye nusu yake haijarudi. Tusilipambe jambo hili. Wapo watoto waliokua wakiudhania ukimya wa baba kuwa ni chuki, na wengine waliopokea hasira ambayo haikuwa yao.

Biblia nayo haikulificha. Daudi alishinda vita nje, na ndani ya nyumba yake akashindwa kusema. Mwanawe Amnoni alipomtendea uovu Tamari, binti wa Daudi, mfalme alikasirika sana, na Maandiko hayataji hatua yoyote aliyochukua. Kuhusu Adoniya, mwana mwingine wa Daudi, 1 Wafalme 1:6 inasema baba yake hakuwahi kumuuliza kwa nini ametenda hivi au vile. Inauma kusoma hayo juu ya mtu aliyeweza kumwambia Mungu kila kitu katika zaburi.

Kwa hiyo askari anayerudi na kujifunza upya kukaa na watoto wake, kuwauliza habari zao, kuomba msamaha alipowafokea, huyo amepigana vita vingine. Havina nishani. Mara nyingi mashahidi wake ni mke na watoto tu.

Ona pia kilichomsumbua Epafrodito. Amenusurika kifo, naye anahuzunika kwa sababu watu wa kwao wamesikia kwamba aliugua! Mawazo yake yote yako nyumbani. Paulo anamwachia aende, ingawa bado anamhitaji, kisha anawaagiza wenyeji: “Mpokeeni, basi, katika Bwana, kwa furaha yote, mkawaheshimu watu kama huyu.” Agizo hilo ni la wanaompokea. Lilitolewa akiwa hai, na lilisomwa akiwa miongoni mwao.

Kama yupo mzee wa namna hii katika familia au kanisa lako, mtembelee wiki hii. Usimlazimishe kusimulia vita. Akianza mwenyewe, usimkatize kwa aya za kumfariji. Kaa umsikilize mpaka amalize. Asiposema, muulize habari za miaka yake ya posta. Na mama aliyeishi naye apewe heshima yake pia, maana yapo aliyoyabeba ambayo hakuna aliyemtuma.

Tuombe.

Baba, uliyemhurumia Epafrodito, wahurumie waliorudi kutoka vitani na ambao usiku bado ni mgumu kwao. Wape ndugu wa kuwasikiliza. Waponye watoto waliozikosa sauti za baba zao. Wape nguvu wanaofanya kazi zisizosifiwa, na utufundishe kuwaheshimu wangali nasi. Katika jina la Yesu, amina.