Siku yangu moja: napiga shoti ndogo kwenye mguu unaotembea

Saa 1 asubuhi. Edmonton, Kanada, bado giza, theluji hadi magotini, ila mzee wetu wa leo kashafika maabara, tunakochunguza mguu unavyojibu ngozi ikiguswa mtu akiwa anatembea. Namnyoa nywele za muundi, nasugua ngozi na spiriti hadi iwe nyekundu kidogo, maana ngozi kavu ya baridi hii inaharibu mawimbi yote ya umeme wa misuli tunayorekodi.

Saa 3. Kazi ninayoipenda. Natafuta neva inayopita nyuma ya kifundo upande wa ndani, nasogeza elektrodi, kile kibandiko kinachopitisha umeme, kidogo kidogo hadi mzee aseme anahisi kama sisimizi wanatambaa kwenye unyayo. Haitakiwi kuuma hata kidogo, akikunja uso tu nashusha umeme.

Saa 4. Anatembea kwenye tredimili, swichi chini ya kisigino inatuambia yuko sehemu gani ya hatua, na mashine inampiga vishoti vitano vya haraka bila yeye kujua lini.

Saa 6 nampigia mama Tanga, kwake saa 4 usiku. "Mwanangu, bado unawapiga watu shoti?" Namwambia ndio mama, halafu ananiambia kajikwaa tena kwenye ukingo wa mkeka, ila hakuanguka. Moyo ukanipasuka.

Saa 8 nafungua data, na hapa jamani kila mara nasisimka. Hatua tunaigawa vipande 16. Mguu ukiwa ndo kwanza unanyanyuka, ile shoti ya unyayo inaufanya msuli wa mbele ya muundi, ule unaoinua vidole, uongeze nguvu. Mguu ukikaribia kutua, shoti ileile, neva ileile, msuli uleule, unazimwa! Na inatokea ndani ya milisekunde kama 80 hivi, kabla mtu hajawaza chochote. Watafiti Yang na Stein waliliandika hili mwaka 1990, hapahapa Edmonton. Kwa hiyo ngozi ikigusa kitu jibu halijapangwa moja, uti wa mgongo na ubongo vinaangalia kwanza mguu uko wapi, ukipanda vidole viinuke, ukishuka unyayo ukae chini vizuri.

Ngozi ya juu ya wayo, upande wa pili wa unyayo, nayo ina jibu lake, ikiguswa mguu ukiwa hewani goti linakunjwa uvuke kikwazo. Huenda ndo kilichomwokoa mama asianguke pale mkekani.

Saa 11 jioni nachaji mashine ya kunyolea. Kesho anakuja mama mmoja aliyepata kiharusi, na kwa watu kama yeye haya majibu mara nyingi yanakuwa yamebadilika, nataka nimwandae taratibu. Ila kwanza namtumia dada meseji, auondoe ule mkeka mlangoni.