Hiyo tik tik kwenye rekodi yako sio umeme, cheki kloki

Wadau wa studio, hili jambo linaniuma kweli. Naletewa mafaili ya kwaya nimiksi, nikifungua nakuta vitiki vidogo vidogo kila mahali, nikimuuliza mwenye studio ananiambia umeme wa mtaani kwao mchafu, ameshabadilisha maiki, ameshabadilisha waya, sasa anatafuta hela ya stabilaiza mpya. Hela inapotea bure jamani. Umeme mbaya mara nyingi unaleta mvumo, ule wa hezi 50 unaovuma muda wote bila kukatika. Ila tik inayokuja kwa mwendo wake, inapiga moja, inapita kama sekunde hivi, inapiga nyingine, na haijali maiki imeguswa au haijaguswa, hapo anza na kloki.

Iko hivi. Kila mashine ya dijitali ina kristali ndani yake, hiyo ndiyo kloki, inayohesabu lini ichukue sampuli, yaani kipimo kimoja kidogo cha sauti, ukiiweka 48 maana yake inachukua sampuli 48,000 kila sekunde. Shida ni kwamba kristali mbili hazilingani kabisa hata ziwe zimetoka kiwanda kimoja, tofauti ya sehemu 20 kwenye milioni ni kitu cha kawaida tu, na ukipiga hesabu kwenye 48,000 hiyo ni karibu sampuli moja kila sekunde. Sasa una intafesi ya maiki 8, lile boksi linaloingiza sauti kwenye kompyuta, kwaya ni kubwa na kuna drams, unaongeza priampu, boksi la kukuza sauti ya maiki, la maiki 8 nyingine kwa ADAT, ule waya wa mwanga walioanzisha Alesis kwenye mashine zao za tepu mwanzoni mwa miaka ya 90, unachomeka, sauti inaingia, unafurahi unaanza kurekodi. Kumbe kila mashine inafuata kloki yake ya ndani. Intafesi inapokea sampuli kwa mwendo usio wake, ikifika mahali imezidi moja inairuka, imepungua moja inarudia ya zamani, na pale ndipo tik inapozaliwa.

Kuna faili moja la juzi, sauti ya kwanza wameshika noti ndefu mwishoni mwa ubeti, nikavuta wimbi nikalikuza mpaka nikaanza kuona nukta za sampuli mojamoja. Wimbi linapanda vizuri kabisa, laini, halafu ghafla kuna ngazi, nukta moja haipo, linaendelea tena kama hakuna kitu. Nikasogea mbele kidogo, ngazi nyingine. Kwenye treki za drams za wimbo huohuo ngazi zipo vilevile ila husikii, kishindo kinazifunika, ndo maana watu wanasema "mbona drams ziko poa, ni maiki ya waimbaji hiyo". Sio maiki.

Dawa yake haina gharama. Mashine moja iwe masta, zingine zote zimfuate, basi, kwaya moja haiongozwi na walimu wawili wamesimama mbele kwa wakati mmoja. Kwa priampu ya ADAT njia rahisi ni priampu ibaki na kloki yake ya ndani, halafu kwenye programu ya intafesi sehemu ya chanzo cha kloki uchague ADAT badala ya ya ndani, na uhakikishe zote ziko 48 au zote 44.1. Au intafesi iwe masta, unapitisha waya wa pili wa mwanga urudi kwenye priampu na swichi ya nyuma unaiweka ifuate ADAT. Kisha tazama ile taa ya loki, inayoonyesha mashine imeshika kloki ya masta, ikiwa inapepesa usirekodi chochote hata kama mchungaji ana haraka.

Ukiwa na mashine nyingi zaidi ndio unaingia kwenye wedi kloki, yaani waya wa kubeba kloki peke yake bila sauti, kwa kebo zenye kichwa cha BNC za om 75. Hapa watu wanachomeka kebo ya redio ya om 50 kwa sababu kichwa kinafanana, usifanye hivyo, nenda kwa wauza kamera za CCTV uulize RG59, hiyo ni om 75 na bei yake ya kawaida.

Na wale wanaoambiwa wanunue boksi la kloki la mamilioni eti sauti itanenepa, mimi nakataa. Kloki ya ndani ya intafesi nzuri kwa kawaida ni safi kuliko inayotoka nje kupitia waya, boksi la nje kazi yake ni kuziweka mashine nyingi pamoja. Una mashine mbili tu? Nunua maiki.

Wanaorekodi ibada kwa kamera na rekoda pembeni hili linawahusu pia, 20 kwenye milioni kwa masaa mawili ni kama sekunde 0.14, midomo ya mhubiri inaanza kuachana na sauti, inabidi kunyoosha kidogo kwenye kuhariri au kukata kila baada ya wimbo na kulinganisha upya.

Yale mafaili yenye ngazi tayari, ukirekebisha kloki leo hayaponi. Programu ya kuondoa tik inasaidia kwenye maneno mafupi, ila kwenye noti ndefu inaacha kovu linalosikika, ndo maana hiyo kwaya nimewaomba sauti ya kwanza warudi Jumamosi warudie ubeti wote.